Kinkondja: Vita Vilivyovunja Sheria ya Maji

Mwaka 2022 ndege ndogo ilizunguka juu ya bonde la Kamalondo, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikimtafuta mnyama mmoja. Ni leche wa Upemba, swala wa majini mwenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, ambaye hula majani ya mabwawani huku maji yakimfika magotini. Katika miaka ya 1970 leche hawa walikadiriwa kuwa 22,000. Watafiti waliokuwa ndani ya ndege ile waliona kumi. Picha waliyoipiga ikawa ya kwanza kuchapishwa ya mnyama huyo akiwa hai, na makadirio yao, yaliyotoka mwaka uliofuata, yanasema waliobaki hawafiki 100.

Kupungua huko hakukuletwa na ugonjwa, wala ukame haukuyakausha maziwa. Kati ya hesabu hizo mbili vilipita vita. Anayetaka kujua vita huifanyia nini ardhi na maji asiangalie mashimo ya mabomu peke yake. Aende Kinkondja.

Kinkondja iko ndani ya bonde hilo, katika wilaya ya Bukama, mkoani Haut-Lomami, mkoa uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa na ambao makao yake makuu ni Kamina. Mto Lualaba, ambao mbele ya safari yake huitwa Kongo, huteremka hapa kutoka nchi ya migodi na kukuta tambarare. Hukosa mteremko, hutawanyika, na kuzaa maziwa: Upemba, Kisale, Kabamba, Zimbambo na mengine mengi madogo ambayo hukua na kusinyaa kwa kufuata mvua. Kandokando yake yote kuna mafunjo. Mafunjo hayo hukatika kwa mabonge makubwa na kuelea, na juu ya mabonge hayo wavuvi wa Baluba wamejenga vibanda, wakawasha moto, wakalala, wakalea watoto. Kisiwa kinachoelea ni makazi halisi katika nchi hii.

Na si makazi ya jana. Mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia walichimba Sanga, ufukweni mwa ziwa Kisale, wakakuta makaburi ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Walizikwa na vyungu vyao, na mapambo ya shaba, na ndoana za kuvulia. Uchimbaji ulioendelea miaka ya 1970, ukifika hadi maeneo ya Kinkondja na Malemba-Nkulu, ulionyesha kwamba watu hawajaliacha bonde hili kwa karne zote hizo. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote katika habari hii. Umati wa watu ulivua samaki wale wale, katika maziwa yale yale, kwa zaidi ya miaka elfu, na samaki hawakwisha.

Hawakwisha kwa sababu maji yalikuwa na wenyewe. Mabwawa yanayobaki mto unaporudi nyuma yalikuwa mali ya koo. Palikuwa na chifu, palikuwa na wazee wa maji, na palikuwa na majira ya kutovua, mvua zinapojaa na samaki wanapoingia kwenye majani kutaga. Aliyevua wakati huo aliitwa mbele ya watu. Utaratibu huo haukuandikwa popote, lakini ulilinda maji vizuri kuliko sheria nyingi zilizoandikwa baadaye Brussels na Kinshasa.

Ulitikiswa mara kadhaa kabla ya vita vya zama zetu. Karne ya 19 bunduki ziliingia pamoja na biashara ya pembe za ndovu na watumwa, kutoka pwani ya mashariki na kutoka Angola, na tembo wa nchi ya Baluba wakawa wa kwanza kuhisi maana yake. Kisha wakaja Wabelgiji. Reli kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka hapo meli zikashuka mto kupitia katikati ya maziwa, zikilazimika kila mara kukatiwa njia ndani ya mafunjo. Samaki mkavu wa Upemba akapanda juu kwenda kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba. Kitoweo cha kijiji kikawa bidhaa ya viwanda.

Tarehe 15 Mei 1939 serikali ya kikoloni ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Upemba. Ilikuwa na zaidi ya kilomita 17,000 za mraba, miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa barani Afrika wakati huo, baadaye ilipunguzwa. Kati ya mwaka 1946 na 1949 msafara wa Gaston-François de Witte ulizunguka humo ukikusanya vyura, nyoka, samaki, ndege na mimea kwa maelfu, na vielelezo vyake viko makumbushoni Ubelgiji hadi leo. Kazi yao ya kisayansi ilikuwa kubwa. Ila mwenyeji hakuulizwa. Aliamka akakuta msitu wa babu yake una mpaka, na kuvuka mpaka huo ni kosa. Chuki iliyopandwa pale ilikuja kuvunwa na wenye silaha miaka sitini baadaye, nasi tunaozungumzia kuirudisha hifadhi hii hatuna budi kuikumbuka.

Vita vya kwanza baada ya uhuru vilikuja mapema. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga. Baluba wa kaskazini, chini ya chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa. Mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa 1961 majandarme wa Katanga, wakiongozwa na maofisa wa Kizungu, walichoma vijiji katika nchi ya Baluba, na vijana wa Balubakat nao wakaua na kubomoa njia za reli. Utengano ulikwisha Januari 1963. Watu walirudi kwenye maziwa, machifu wakarudi kwenye viti, na bonde likapona. Ndiyo maana miaka ya 1970 bado waliweza kukadiriwa leche elfu ishirini na mbili.

Hapo pana swali. Kwa nini bonde lilipona baada ya 1963 na halikupona baada ya 2003?

Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vya namna nyingine. Waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda waliteremka kutoka mashariki wakaingia kaskazini mwa Katanga. Manono ikaanguka, na Desemba 2000 Pweto nayo ikaanguka. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila, kwa kukosa askari wa kutosha, iliwahimiza raia wajilinde wenyewe na ikagawa silaha. Hivyo ndivyo wanamgambo wa Mai-Mai wa Katanga walivyopata nguvu. Walipigana na adui aliyetoka nje, na wanakijiji wengi waliwapa chakula na baraka.

Kisha mapatano yakasainiwa, majeshi ya kigeni yakaondoka, serikali ya mpito ikaundwa mwaka 2003, na bunduki zikabaki vijijini. Mwenye bunduki hakuwa na mshahara. Mbele yake palikuwa na mwanakijiji mwenye mihogo, mvuvi mwenye samaki, na mbuga yenye nyama. Makundi yaligeukia watu wao. Upande wa Kabongo na Malemba-Nkulu lilivuma jina la Chinja-Chinja. Kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, eneo lililokuja kuitwa pembetatu ya mauti, alitawala Gédéon Kyungu Mutanga.

Machifu walikuwa miongoni mwa waliolengwa kwanza. Wengine waliuawa, wengine walikimbilia Kamina na Lubumbashi. Nalisisitiza hilo kwa sababu habari nyingi za vita hivi huliweka chini ya kichwa cha siasa, wakati ni habari ya mazingira pia. Chifu alipotoka, aliondoka na mamlaka ya kufunga ziwa. Hapakuwa na mtu wa kusema msimu umefika, nyavu zitoke majini. Aliyekuwa na bunduki aliuza ruhusa ya kuvua mwaka mzima, kwa yeyote aliyelipa. Vyandarua vya kuzuia mbu vikashonwa pamoja vikawa makokoro, na tundu la chandarua halimwachi hata kifaranga wa samaki wa juzi.

Nchi kavu mambo yalikuwa hayo hayo. Makao ya hifadhi yako Lusinga, juu kwenye uwanda wa Kibara, ambako ndiko wanakoishi punda milia wa mwisho wa Kongo nzima. Mei 2004 Mai-Mai waliishambulia Lusinga. Watu kadhaa waliuawa, akiwemo mke wa mkuu wa hifadhi. Desemba 2012 mkuu wa hifadhi mwingine aliuawa, naye kwa mkono wa Mai-Mai. Walinzi waliobaki walikuwa wachache, na bunduki zao zilikuwa za kizamani kuliko za majangili. Leche, mnyama anayekimbia polepole nchi kavu na anayekusanyika makundi makundi kwenye maji ya wazi, hakuwa na pa kujificha mbele ya bunduki ya rashasha. Nyama yake ilikaushwa ikasafiri kwa baiskeli na mitumbwi hadi sokoni. Ni mwaka 2005 tu ambapo mwanazuoni Fenton Cotterill alithibitisha, kwa kupima vielelezo vilivyokusanywa zamani, kwamba leche wa Upemba ni wa aina yake, hapatikani mahali pengine popote duniani. Mnyama huyo alipewa jina la kisayansi wakati ule ule alipokuwa anamalizwa.

Mwisho wa mwaka 2005 jeshi la taifa lilianza kuwasukuma Mai-Mai wa Gédéon kutoka kwenye pembetatu ile. Zaidi ya watu 150,000 walikimbia makwao katika Katanga ya kati, wakiwahofu Mai-Mai na wakiwahofu askari pia. Wengi walishuka bondeni. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliwakuta mwaka 2006 wakiishi juu ya visiwa vinavyoelea vya ziwa Upemba, familia baada ya familia, kwenye mafunjo yaliyoloa. Kisiwa kinachombeba mvuvi na mke wake kwa msimu mmoja hakiwezi kubeba kijiji kizima kwa mwaka. Walikata mafunjo ili walalie. Walikata miti ya ufukweni ili wapike bukari, yaani ugali, na kukausha samaki. Walijisaidia katika maji waliyokuwa wakiyanywa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine.

Kipindupindu hakiondoki hapa. Zoni za afya za Kinkondja, Bukama, Mukanga, Malemba-Nkulu na Mulongo hutajwa mwaka baada ya mwaka katika taarifa za ugonjwa huo nchini. Vita peke yake havikukileta. Maji ya mabwawa na umaskini vilikuwepo. Lakini vita viliwasogeza watu majini, vikawaondoa waganga, vikaharibu visima, na kambi zikageuka vijiji vya kudumu. Wataalamu wa mazingira na wataalamu wa afya huandika ripoti mbili tofauti juu ya bonde hili. Mama wa Kinkondja anayechota maji asubuhi anayo shida moja.

Gédéon alijisalimisha Mitwaba Mei 2006, akahukumiwa kifo Machi 2009, akatoroka gerezani Lubumbashi Septemba 2011, akaanzisha kundi la Bakata Katanga, akajisalimisha tena Oktoba 2016 na kupokewa kwa shangwe. Miaka kumi ya kwenda na kurudi. Hilo ndilo jibu la swali la juu, au sehemu yake kubwa. Baada ya 1963 amani ilirudi pamoja na wenye mamlaka ya maji. Baada ya 2003 ilirudi nusu, ikaondoka, ikarudi, na kila mara ilikuta watu wengi zaidi kandokando ya ziwa, nyavu zenye matundu madogo zaidi, na vijana ambao hawajawahi kuuona msimu mmoja wa ziwa kufungwa.

Dunia ina sheria juu ya mambo haya. Baada ya Wamarekani kumwaga sumu ya kuua majani juu ya misitu ya Vietnam, mkataba wa mwaka 1976 ulikataza kuyageuza mazingira kuwa silaha, na Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya mwaka 1977 ikakataza vita vinavyoleta madhara mapana, ya muda mrefu na makali kwa mazingira. Ila itifaki hiyo inahusu vita kati ya mataifa. Itifaki ya Pili, inayohusu vita vya ndani kama vile vya Mai-Mai, haina kifungu kinachotaja mazingira kwa jina. Inalinda mashamba, vyakula na maji ya kunywa ya raia. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Mataifa huadhimisha tarehe 6 Novemba kuwa siku ya kupinga uharibifu wa mazingira vitani. Mwaka 2022 Tume yake ya Sheria ilikamilisha kanuni 27 zinazogusa kabla ya vita, wakati wa vita na baada ya vita, vya ndani na vya nje. Ni hatua njema. Hazimfungi mtu kwa nguvu ya mkataba.

Fundisho zito zaidi limetoka The Hague. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Ndani ya hiyo sehemu ya tatu mahakama ilizingatia wanyama waliouawa katika Hifadhi ya Okapi na kaskazini mwa Virunga. Dai la misitu iliyokatwa lilikataliwa. Mahakama ilisema ushahidi uliowekwa mbele yake hautoshi.

Hautoshi. Msitu mzima ulianguka, na waliokuwepo walisikia shoka, lakini hapakuwa na karatasi. Kesi ile ilihusu Ituri na maeneo yaliyokanyagwa na jeshi la Uganda, kwa hiyo Haut-Lomami haimo kabisa. Na hata siku ikipatikana mahakama ya kuisikiliza Kinkondja, itauliza yale yale: samaki wangapi, ekari ngapi za miti, tembo wangapi, kati ya mwaka gani na mwaka gani. Tuna namba ya leche kwa sababu mtu aliwakadiria miaka ya 1970 na wengine wakarudi na ndege mwaka 2022. Kwa samaki, mafunjo na miti ya ufukweni, ushahidi uliopo zaidi uko vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Bonde kama hili linaweza kurudi? Gorongosa, Msumbiji, inasema ndiyo. Vita vya huko vya mwaka 1977 hadi 1992 vilimaliza zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa. Mwaka 2004 serikali na taasisi ya Mmarekani Greg Carr zilianza kuijenga upya. Kuro, mnyama wa tambarare za maji kama leche, walikuwa karibu 3,500 kabla ya vita. Hesabu ya mwaka 2018 ilikuta zaidi ya 50,000. Walinzi walichangia, na wanyama walioletwa kutoka nje walichangia, lakini fedha nyingi zilikwenda nje ya hifadhi, kwenye shule, zahanati na mashamba ya kahawa ya majirani wa mlima Gorongosa. Tofauti ipo na ni kubwa: Gorongosa ilikuwa na kuro wa kuanzia. Upemba ina leche wasiofika mia, na hakuna kundi jingine duniani la kuazima.

Kazi imeanza. Tangu mwaka 2017 hifadhi ya Upemba inaendeshwa kwa ubia kati ya taasisi ya serikali ya uhifadhi, ICCN, na shirika la Forgotten Parks. Rodrigue Katembo, aliyepokea tuzo ya Goldman mwaka huo kwa ujasiri wake kule Virunga, alikuwa ndiye mkurugenzi wa Upemba. Walinzi wanaajiriwa, Lusinga inajengwa, wanyama wanahesabiwa. Wakati huo huo umepigiwa upatu mradi wa bwawa la umeme la Sombwe kwenye mto Lufira, ndani ya eneo la hifadhi. Itakuwa ajabu kuponya bonde kwa mkono mmoja na kufunga maji yake kwa mwingine.

Lakini hifadhi ni sehemu tu ya bonde. Mvuvi wa Kinkondja anaishi nje ya mpaka, na ziwa lake haliwezi kulindwa na mlinzi wa Lusinga. Linahitaji kufungwa samaki wanapotaga, kama zamani, na amri ya kufunga hutolewa. Kinachokosekana ni yule mtu ambaye kijiji kizima kinamsikiliza, na chakula cha nyumba wakati nyavu zimeanikwa. Mwaka 2004, bunduki zilipokuwa bado zinalia, Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Methodisti mjini Kamina alikaa na Mai-Mai, machifu na maofisa wa serikali kutafuta mapatano. Kikao cha namna ile kinaweza kuitwa tena, safari hii juu ya maji: machifu wa Kinkondja, Mulongo na Malemba-Nkulu, wavuvi wa visiwani, akina mama wanaonunua na kukausha samaki, jeshi la majini ambalo nalo hutoza watu mtoni, na wakuu wa mkoa.

Wakikaa, jambo la kwanza mezani ni miezi ya kufungwa kwa ziwa, na la pili ni unga. Nyumba ya mvuvi haina shamba kubwa; mashamba mengi yaliachwa watu walipokimbia na mengine bado ni vichaka. Mbegu za mihogo na mahindi zikitangulia mwaka mmoja, ziwa linaweza kufungwa mwaka unaofuata. Zisipotangulia, mitumbwi itaingia usiku.